Elimu ya uchumi katika maamuzi ya meneja wa biashara Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina mhasibu mzuri. Elimu ya uchumi itaniongezea nini?

Mhasibu humweleza meneja yaliyokwisha kutokea: fedha zilizoingia, zilizotoka, na nani anadaiwa. Kazi hiyo haina badala yake. Uamuzi, hata hivyo, unahusu yajayo, na hapo uchumi huuliza swali ambalo daftari peke yake halilijibu: nikifuata njia hii badala ya ile, ni kipi kitakachobadilika? Mshahara wa mlinzi utakaolipwa njia zote mbili hauna nafasi katika uamuzi huo, ingawa unakaa kwenye taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi. Kwa upande wa pili, kipato ambacho meneja angekipata kwa kutumia chumba, gari au muda wake kwa kazi nyingine hakionekani kwenye daftari lolote, lakini kimo ndani ya uamuzi tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya maamuzi mabaya ya biashara, kwa mtazamo wangu, hutokana na mawili hayo: kuhesabu kisichobadilika na kuacha kuhesabu kinachobadilika.

Hesabu hizi si za makampuni makubwa?

Hapana. Kampuni kubwa inaweza kubeba uamuzi mbaya kwa miaka kadhaa kabla haijayumba, ilhali nyumba ya wageni yenye vyumba kumi kule Jambiani haiwezi kubeba misimu miwili. Mdogo ndiye mwenye haja zaidi, na hesabu zenyewe hazizidi kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawa.

Duka ni langu, nimeachiwa na marehemu baba. Kwa nini niambiwe kuwa lina gharama ya pango?

Kwa sababu ungeweza kulipangisha. Tuseme duka lako liko jirani na soko la Darajani, unauza vitambaa, na mwisho wa mwezi unabakiwa na shilingi 900,000 baada ya kulipa kila kitu. Mfanyabiashara mwenzako yuko tayari kukodi mlango huo huo kwa shilingi 600,000, nawe ungeweza kuajiriwa kusimamia duka la mtu mwingine kwa shilingi 400,000. Kwa macho ya mhasibu umepata faida ya 900,000. Kwa macho ya uchumi umeacha 1,000,000 ili upate 900,000, yaani kila mwezi unapoteza 100,000 bila kuiona. Kile ulichokiacha ndicho kinachoitwa gharama mbadala.

Haimaanishi kwamba lazima ufunge. Huenda unathamini kuwa bosi wa nafsi yako, au unataka mwanao arithi biashara na wateja wake, na hayo ni mambo ya haki kabisa kuyatilia maanani. Ila ni vyema ujue kuwa uhuru huo unaununua kwa shilingi 100,000 kwa mwezi, kisha uamue kama bei yake inakuridhisha. Nimeona familia zinazogombana miaka mingi juu ya duka la urithi ambalo, likihesabiwa hivi, halimlishi yeyote kati yao. Kinachowalisha ni jengo.

Masika yakiingia wageni hupungua sana. Nifunge hoteli au niendelee?

Swali hili huulizwa kila mwaka kuanzia Nungwi hadi Makunduchi, na wengi hulijibu kwa kutazama mstari wa mwisho wa hesabu: mwezi wa Aprili una hasara, basi tufunge. Jibu hilo linaweza kuwa kosa kubwa. Tufanye hesabu kwa mfano.

Nyumba ya wageni inatoza shilingi 60,000 kwa chumba kwa usiku mmoja. Masika inapata wastani wa vyumba vitatu kwa usiku, yaani malazi 90 kwa mwezi, ambayo ni mapato ya 5,400,000. Kila chumba kinacholaliwa kinakula 22,000 kwa chakula cha asubuhi, dobi, maji, sabuni na umeme, jumla 1,980,000. Kuna gharama zinazokuwapo iwapo tu mlango uko wazi, kama vile mishahara ya wafanyakazi wa muda na intaneti, tuseme 2,200,000. Halafu kuna gharama zitakazolipwa hata mlango ukifungwa, kama vile bima, walinzi, kodi ya ardhi na marejesho ya mkopo, tuseme 3,500,000.

Ukiendelea kufungua, unapata hasara ya 2,280,000. Ukifunga, unapata hasara ya 3,500,000. Kufungua kunakuokolea 1,220,000, ingawa taarifa ya mwezi itaandikwa kwa wino mwekundu. Swali, kwa hiyo, si kama kuna hasara bali kama mapato yanazidi zile gharama ambazo kufunga kungeziondoa. Kila malazi moja huleta 38,000 baada ya kutoa gharama zake, na ili kufidia ile 2,200,000 unahitaji malazi 58 kwa mwezi, karibu vyumba viwili kila usiku. Wageni wakishuka chini ya hapo, funga.

Zipo nyongeza mbili ambazo hesabu ya mwezi mmoja haizionyeshi. Ya kwanza ni kwamba mpishi na mhudumu mzuri uliyemwachisha Aprili huenda Juni akawa kwa jirani, nawe ukaanza kufundisha wapya wageni wakiwa wamekwisha kujaa. Ya pili ni matengenezo: kuezua makuti na kupaka rangi wakati nyumba ina wageni huleta malalamiko, lakini mvua ya masika nayo haimruhusu fundi afanye kazi kwa raha, hivyo wengine hufungua Aprili na kufunga wiki mbili za mwisho wa Mei pekee, mvua zinapoanza kupungua. Naona hao ndio waliohesabu vizuri zaidi.

Nimekwisha kutumia fedha nyingi katika mradi. Nitauachaje?

Fedha iliyokwenda na isiyoweza kurudi haina kura katika uamuzi wa leo. Mfano wa kwetu ni majenereta. Unguja ilikosa umeme kwa takribani mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takribani miezi mitatu tangu Disemba 2009, na hoteli nyingi zilinunua mitambo mikubwa kwa bei ya juu. Mwaka 2013 waya mpya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba ulipoanza kazi, kila meneja alikuwa na uamuzi mpya mbele yake. Aliyesema «siwezi kuuza, nilinunua ghali» alikuwa anaangalia bei ambayo haikumhusu tena. Iliyomhusu ni bei ambayo mtambo ungeuzwa siku ile, gharama ya kuutunza, na hasara atakayoipata umeme ukikatika ilhali hana kitu cha akiba. Huenda jibu likawa kubaki nao. Lakini liwe kwa sababu hizo.

Nikipandisha bei, si wateja watakimbia?

Watapungua, suala ni kwa kiasi gani. Wachumi hupima kitu kinachoitwa unyumbufu wa mahitaji, yaani mahitaji yanapungua kwa asilimia ngapi bei ikipanda kwa asilimia fulani.

Tuseme unauza urojo, bakuli shilingi 2,000, na kwa siku unauza mabakuli 200. Viazi, bajia, embe, mafuta na mkaa hukugharimu 1,200 kwa bakuli, hivyo unabakiwa na 160,000 kwa siku kabla ya pango na mishahara. Unapandisha hadi 2,500, na mauzo yanashuka hadi 170. Bei imepanda kwa asilimia 25, mauzo yameshuka kwa asilimia 15. Sasa kila bakuli linakuachia 1,300, na jumla ni 221,000. Foleni ni fupi na mfuko ni mzito. Ungelazimika kubakiwa na mabakuli kama 123 tu ndipo urudi ulipokuwa, na hiyo ndiyo namba ya kuijua kabla ya kubadilisha bei: wateja wapungue kiasi gani ndipo nijute?

Matokeo hutegemea alichonacho mteja karibu yake. Ikiwa muuzaji mwingine wa urojo yuko hatua kumi pembeni, mahitaji yako yananyumbuka sana hata kama mahitaji ya urojo kwa mji mzima hayanyumbuki. Hutegemea pia muda: wiki ya kwanza mteja hulalamika na kununua, mwezi wa tatu huwa amekwisha kupata pa kwenda. Kwa hiyo usishangilie mapema.

Ni halali kutoza mkaazi bei moja na mgeni bei nyingine?

Kwa boti za abiria kati ya Unguja na Dar es Salaam, nauli ya mkaazi na ya mgeni kutoka nje hazilingani, na kila msafiri anajua hivyo. Kiuchumi utaratibu huu hufanya kazi kwa masharti matatu: uwe na uwezo wa kuwatenganisha wateja, kama kwa kitambulisho, wa bei nafuu asiweze kumuuzia wa bei ghali, na makundi hayo yawe yanaitikia bei kwa namna tofauti. Tiketi yenye jina inatimiza masharti yote. Kanga haitimizi, kwani papasi, yaani kijana anayewafuata watalii mitaani kuwauzia vitu, anaweza kununua kwa bei ya mwenyeji na kumuuzia mgeni nje ya mlango wako. Meneja wa duka la kanga asiyeweza kutenganisha wateja kwa kitambulisho hutenganisha kwa bidhaa: kanga ya kawaida kwa bei ya mji, na mfuko au gauni lililoshonwa kwa kanga hiyo hiyo kwa bei ya mtalii.

Mimi nimo katika karafuu. Bei hainisubiri niipange. Uchumi utanisaidiaje?

Katika karafuu mkulima na mfanyabiashara wa Pemba wana mnunuzi mmoja kwa mujibu wa sheria, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, ambalo hutangaza bei kwa daraja. Asiye na nguvu juu ya bei hubakiwa na nguvu juu ya gharama, ubora na wakati, na hapo ndipo meneja wa shamba anapopaswa kuweka akili yake.

Tazama namna wachumaji wanavyolipwa. Malipo ya kawaida ni kwa pishi. Anayelipwa kwa pishi hufanya haraka, na huo ndio uzuri wake; lakini haraka hiyo hiyo huvuta tawi lote badala ya kishada, na tawi lililovunjika halitazaa msimu ujao. Mchumaji hapati hasara ya tawi, anayeipata ni mwenye mkarafuu. Ni tatizo maarufu katika uchumi: ukimlipa mtu kwa kinachopimika kwa urahisi, atakipa kisogo kisichopimika. Dawa yake si kumwita mchumaji mvivu au mharibifu. Baadhi ya wenye mashamba huongeza malipo kidogo kwa mchumaji ambaye mti wake ukikaguliwa unaonekana mzima, au huwarudisha watu wale wale kila msimu, ili mchumaji naye awe na sababu ya kuutunza mti atakaoukwea tena. Kuwakodisha watu mikarafuu kwa msimu mmoja tu kuna ubaya wa aina ile ile: mkodishwaji ana haki ya zao la leo na hana haki ya zao la kesho, basi hufanya inavyostahiki kwa mtu wa namna hiyo.

Kisha kuna kuanika. Karafuu zilizoanikwa vizuri juu ya jamvi, zikaanuliwa kabla ya mvua, hupata daraja la juu. Zilizoachwa barabarani zikachanganyika na mchanga hushuka. Muda wa siku chache za uangalizi hulinganishwa na tofauti ya bei kati ya daraja na daraja, na mara nyingi uangalizi hushinda kwa mbali. Hata makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, yana hesabu yake, kwa kuwa kiwanda cha Wawi hukamua mafuta kutokana nayo: gharama ya kuyapata imekwisha kulipwa pale karafuu zilipochambuliwa, hivyo linalobaki kuulizwa ni kama bei yake inazidi usafiri wa kuyafikisha.

Bei yenyewe nayo ina funzo. Kwa miaka mingi tofauti kati ya bei ya mkulima hapa na bei ya ng'ambo ya bahari ilikuwa kubwa kiasi cha kulisha magendo ya kwenda Kenya licha ya doria. Mwaka 2011 bei ya mkulima ilipopandishwa kwa kiwango kikubwa, magendo yalipungua. Doria hupandisha gharama ya magendo. Bei nzuri huondoa faida yake.

Na mwani?

Hapa wanunuzi ni makampuni machache na wauzaji ni maelfu, wengi wao akina mama, na mwani mkavu hauna thamani kubwa kwa uzito wake kiasi cha kuusafirisha mwenyewe kwenda kutafuta soko. Nguvu ya bei iko kwa mnunuzi. Aina ya cottonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini joto la bahari limeifanya isistawi katika maeneo mengi ya kina kifupi, na wakulima wamebaki na spinosum ya bei ya chini. Meneja wa kikundi anayefikiria kutengeneza sabuni ya mwani asijidanganye kwamba amekimbia tu bei ndogo: ameingia katika biashara nyingine yenye vifungashio, vibali, na wateja wa kutafutwa mmoja mmoja. Inaweza kulipa, na kwa wengine imelipa, ila hesabu yake ianze kwenye mauzo ya sabuni, kwa kuwa mwani ndani ya kipande kimoja ni sehemu ndogo mno ya gharama.

Niagize nguo kiasi gani kwa ajili ya Idi?

Anayeagiza kabla ya Ramadhani hajui mauzo yatakuwaje, lakini anajua gharama ya kukosea kila upande. Gauni la mtoto limekufikia kwa 20,000, unauza 35,000 kabla ya sikukuu, na likidoda utaliondoa kwa 15,000. Likikosekana, umepoteza faida ya 15,000. Likibaki, umepoteza 5,000. Kukosa mzigo kunakuumiza mara tatu zaidi ya kubakiwa nao, kwa hiyo endelea kuongeza oda hadi pale unapoona gauni la mwisho lina uwezekano wa robo tu wa kuuzika kabla ya Idi. Maana yake ni kwamba miaka mingi utabakiwa na mzigo kidogo, na hilo ni dalili ya kuagiza sawasawa. Kwa keki hesabu hugeuka, maana iliyobaki haiuziki kwa chochote.

Mimi sichukui mkopo wa riba. Je, thamani ya fedha kwa muda inanihusu?

Inakuhusu, kwa kuwa shilingi iliyofungwa katika mashine haiwezi kufanya biashara nyingine. Tuseme mashine ya kutengeneza barafu kwa ajili ya wavuvi wa Wete inagharimu milioni 12 na itakuletea milioni 4 kila mwaka kwa miaka minne. Jumla ni milioni 16, na wengi wataishia hapo. Lakini kama biashara yako ya sasa huzalisha asilimia 15 kwa mwaka, milioni 4 za mwaka wa nne ni sawa na kama milioni 2.3 za leo, na zote nne zikikusanywa zina thamani ya takribani milioni 11.4. Mashine haifiki bei yake. Hapakuwa na riba popote katika hesabu hii. Palikuwa na njia mbili za kutumia mali yako.

Ukipata mtaji kwa murabaha, ambapo benki hununua chombo na kukuuzia kwa bei ya juu kwa awamu, linganisha malipo yote na bei ya fedha taslimu. Ukiingia mudharaba, ambapo mmoja hutoa mtaji na mwingine kazi, tazama zaidi mgao wa faida na nani anabeba hasara.

Ninunue samaki mnadani kila siku au niwe na mashua yangu?

Mwaka 1937 Ronald Coase, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1991, aliuliza kwa nini makampuni yapo ikiwa kila kitu kinaweza kununuliwa sokoni. Jibu lake ni kwamba kutumia soko nako kuna gharama: kutafuta, kupatana, kuhakikisha. Simama pwani saa ya mnada uone. Mnadi anapaza bei, wanunuzi wanajibu kwa ishara, na changu au nguru ameshauzwa ndani ya dakika moja. Gharama ya kutumia soko la namna hii ni ndogo mno, hivyo hoteli inayonunua mashua, ikaajiri nahodha na kugharamia mafuta, inajitwisha mzigo usio na sababu. Mboga za majani zinazotakiwa ziwe safi kila asubuhi, za aina ambayo wakulima wa jirani hawailimi, ni habari nyingine. Hapo mkataba wa msimu na mkulima mmoja au wawili hushinda soko na hushinda shamba lako mwenyewe.

Jirani ameshusha bei. Nimfuate?

Jiulize kwanza atafanya nini ukimfuata. Mkiwa na vyumba vinavyofanana ufukwe mmoja, naye atashuka tena, na mtaishia nyote kuwa na wageni wale wale kwa bei ndogo zaidi. Mara nyingi ni bora kubadilisha kile unachouza, mfano kuingiza safari ya baharini ndani ya bei, ili mgeni asiweze kulinganisha namba kwa namba. Kukaa naye kikao mpange bei ya pamoja ni kosa la kisheria, na hata bila sheria mapatano hayo huvunjwa na wa kwanza mwenye vyumba vitupu.

Je, meneja anaweza kuhesabu kila kitu?

Hawezi. Herbert Simon, mshindi wa Nobel ya uchumi mwaka 1978, alionyesha kuwa mtu mwenye muda na habari chache hutafuta jibu linalotosha na kusimama hapo. Uamuzi wa kununua mapazia haustahili jedwali. Weka hesabu kwenye mambo machache yanayogharimu sana au yasiyorudishika nyuma, kama kujenga, kukopa, kufunga na kuajiri.

Takwimu nizipate wapi?

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa kila mwezi idadi ya wageni walioingia na mfumko wa bei, na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, hutangaza bei za mafuta kila mwezi. Linganisha wageni wako na wa visiwa vyote: wakipungua kwako peke yako, tatizo liko ndani. Takwimu yenye thamani kubwa zaidi, hata hivyo, hakuna ofisi itakayokupa. Mwambie muuzaji wako aweke daftari dogo kaunta na aandike kila mteja aliyeuliza akaondoka bila kununua, alitaka nini, na alitajiwa bei gani.